Ameletwa, hakuja

Mgonjwa wa malaria huenda hospitali kwa miguu yake, au hubebwa huku mwenyewe akiomba awahishwe. Mgonjwa wa akili aliyezidiwa huletwa. Huletwa na kaka zake watatu kwenye bajaji, au na polisi, au na mwenyekiti wa mtaa, mikono imefungwa kwa kamba ya manila, na pengine mwilini ana michubuko ya safari hiyohiyo. Wakishafika, kila mmoja anaeleza habari zake mbele yake: amevunja vyombo, hajalala siku tatu, jana amemnyanyulia mama mkono. Yeye mwenyewe hajaulizwa neno. Mtu wa kwanza kumuuliza, ikiwa yupo wa kumuuliza, ni muuguzi.

Tuseme mgonjwa huyo ni baba wa miaka 60 na muuguzi wa zamu ni binti wa miaka 25. Binti anainama kidogo, anasema, "Shikamoo baba." Wapo wanaodhani kumwamkia mtu aliyefungwa kamba na anayeongea na ukuta ni kupoteza wakati. Mimi naiona salamu hiyo kuwa ndiyo tendo la kwanza la tiba. Tangu asubuhi baba huyu amesukumwa na vijana aliowatahiri mwenyewe, wamemwita kwa majina ambayo mwezi uliopita wasingethubutu kuyatamka, na sasa mtu mwenye sare nyeupe anamrudishia umri wake. Wengi huitikia "marahaba" hata wakiwa katikati ya mchafuko mkubwa wa mawazo. Kisha binti anajitaja jina, anasema atakuwa hapo mpaka asubuhi, anauliza kama kamba zinaumiza. Akiahidi kuzifungua, azifungue kweli, na kwa saa aliyoitaja. Mtu aliyeletwa hospitali kwa kudanganywa kwamba anapelekwa harusini hana uongo wa pili wa kusamehe.

Muuguzi wa namna hii tunamsifu kwa kusema "ana moyo". Sifa hiyo imetukosesha mengi. Inaifanya kazi yake ionekane kuwa ni tabia ya kuzaliwa, kama sauti nzuri ya kuimba, na jambo la kuzaliwa halifundishwi chuoni, halipimwi kwenye mtihani, halitengewi muda kwenye ratiba ya zamu. Ukweli ni kwamba kuongea na mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, kukaa kimya mbele ya mtu anayelia bila kumkatiza, kumzuia mtu mwenye nguvu asimpige mwenzake bila wewe kumpiga, ni ufundi. Una hatua zake, una makosa yake yanayojulikana, na huchakaa usipotunzwa.

Aliyeyaandika haya mapema na kwa ukamilifu ni muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi katika hospitali ya kijeshi nchini Uingereza, mahali walipotibiwa askari waliovunjika akili kwa vita. Kitabu chake juu ya uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kilikuwa tayari mwaka 1948, lakini kilitoka mwaka 1952. Kilichokichelewesha ni kwamba muuguzi kuandika kitabu cha taaluma bila daktari kuwa mwandishi mwenzake lilionekana jambo lisilowezekana. Peplau alisema uhusiano ule wenyewe ndiyo kazi: unaanza watu wawili wakiwa wageni kabisa, unapita vipindi vinavyotambulika, na unapaswa kuwa na mwisho ulioandaliwa. Alisema pia jambo ambalo kila aliyewahi kukaa wodini usiku analijua: wasiwasi huhama. Muuguzi akiingia chumbani na hofu yake, mgonjwa huipokea kabla hata neno halijatamkwa. Ndiyo maana ujuzi wa kwanza ni wa ndani, yaani muuguzi kujua ni nini kinachomtisha yeye, ni mgonjwa wa aina gani anayemkera, na sauti yake hubadilikaje anapokuwa na njaa au amechoka.

Kwetu kazi hii ina umri mrefu kuliko inavyodhaniwa. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa akili. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ilifuata mwaka 1927, na kwa wengi jina hilo likawa tusi la kutupiana mitaani, jambo ambalo wauguzi wake wamelibeba pamoja na wagonjwa wao. Na idadi ya wahudumu haijawahi kutosha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inaonyesha kwamba katika kanda ya Afrika wafanyakazi wa afya ya akili hawafiki wawili kwa kila watu 100,000, wakati duniani kwa jumla ni 13 hivi. Kati ya hao, kundi kubwa ni la wauguzi. Kwa hiyo mgonjwa wa Tanzania anayemwona daktari bingwa kwa dakika chache, zikipatikana, anaishi na muuguzi mchana na usiku. Mazungumzo mengi atakayopata katika ugonjwa wake wote yatakuwa na muuguzi.

Tazama wanavyomtuliza mtu aliyepandwa na hasira, maana hapo ndipo ufundi unaonekana waziwazi. Anayezungumza ni mmoja tu; wengine wanakaa karibu, kimya. Anasimama upande kidogo, si uso kwa uso, mbali kuliko urefu wa mkono, viganja vikiwa wazi. Hazibi mlango, kwa kuwa anayejiona amezingirwa hupigania njia, na yeye mwenyewe anahakikisha ana pa kutokea. Wagonjwa wengine wanaombwa wasogee, kwani kutazamwa huzidisha hasira. Sauti inashuka badala ya kupanda, sentensi zinakuwa fupi. Hatoi hotuba juu ya kanuni za wodi. Anataja anachokiona: "Naona umekasirika sana. Niambie kilichotokea." Kisha anampa la kuchagua, dogo lakini la kweli: tukae benchi la nje au hapa ndani? Maji au chai? Mtu aliyenyang'anywa uamuzi wa kila kitu, kuanzia saa ya kulala hadi nguo za kuvaa, amerudishiwa kipande kimoja. Mara nyingi hicho kinatosha kushusha mabega. Kisipotosha, timu inajua hatua inayofuata, na hata dawa ikitolewa kwa lazima, mgonjwa anaelezwa kabla, wakati na baada, na kesho yake mtu anarudi kukaa naye wazungumze yaliyotokea. Hatua hii ya kesho yake ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu bila hiyo mgonjwa anabaki na kumbukumbu moja tu: walinikamata, wakanichoma sindano.

Kuna swali ambalo wanafunzi wa uuguzi wote hulipata wiki ya kwanza: mgonjwa akikwambia majirani wameweka redio kichwani mwake, unasema nini? Ukimbishia, umekuwa mmoja wa majirani. Ukimkubalia ili mambo yaishe, umeongeza ushahidi kwenye kesi yake, na siku akipata nafuu atakumbuka kwamba ulimdanganya. Njia iliyopo ni nyembamba. "Mimi siisikii redio hiyo, lakini naona inakutesa. Usiku inakuwaje?" Muuguzi hakusema uongo, wala hakumwita mgonjwa mwongo. Amehama kutoka kwenye ubishi wa iwapo redio ipo au haipo, akaenda kwenye mateso, na mateso yapo bila shaka yoyote. Sentensi hiyo ni rahisi kuisoma hapa Jumapili baada ya chai. Kuisema saa tisa usiku, kwa mara ya nane, kwa mtu aliyekutemea mate saa sita, kunahitaji mazoezi ya makusudi: igizo darasani, mwalimu akisahihisha sauti na mkao, na mwenzako akicheza nafasi ya mgonjwa mpaka mwili wako uzoee kutojitetea.

Wapo wanaotenganisha mambo haya na dawa, kana kwamba upande mmoja kuna tiba halisi na upande wa pili kuna maneno mazuri. Nawapa mfano wa haloperidoli. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imeokoa wengi. Lakini katika siku za mwanzo inaweza kumkakamaza mtu misuli, hasa kijana wa kiume: shingo inapinda upande, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa mzito. Hali hiyo inatulizwa kwa dawa nyingine kama benzeksoli, na upesi zaidi ikitolewa dawa ya kundi hilo kwa sindano. Sasa fikiria kijana ambaye ugonjwa wake umemwaminisha kwamba anawekewa sumu, hakuelezwa chochote, halafu usiku shingo inapinda yenyewe. Nyumbani kwao watasema nini, kama si kwamba jini limekataa dawa ya hospitali? Muuguzi aliyetumia dakika tano kumweleza kijana na mama yake, "Likitokea hili, si sumu wala si jini, ni dawa, njooni mara moja hata iwe usiku wa manane," ameiokoa tiba nzima. Hayohayo ni ya sindano za muda mrefu zinazochomwa kila baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa harudi kwa sababu tarehe imeandikwa kwenye kadi yake. Anarudi kwa sababu kuna mtu pale kliniki aliyemwita kwa jina, aliyemuuliza mahindi yameotaje, na aliyemsikiliza alipolalamika kwamba dawa imemnenepesha au imemwondolea nguvu za kiume. Lalamiko la mwisho hilo wanaume wengi hawalisemi mpaka waulizwe, na waulizwe kwa heshima, pasipo watu.

Kuuliza nako kuna pahali ambapo wengi wetu tunaogopa. Zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na bado imani kubwa mitaani ni kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, umempa wazo. Tafiti zimelipima jambo hili mara nyingi na hazikuona hivyo. Aliye na wazo hilo hupata ahueni kumpata mtu asiyeshtuka. Muuguzi anatakiwa aulize kwa maneno ya wazi, bila kuzunguka: "Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga namna? Unacho cha kufanyia?" Swali la tatu si udadisi, kwa kuwa kuondoa sumu ya kuulia wadudu ndani ya nyumba ni hatua ya uokoaji. Tatizo ni kwamba kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, ambacho Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Muuguzi wetu anamwomba mtu aseme ukweli ambao kisheria ni kukiri kosa. Sielewi tunategemea nini tunapowataka wagonjwa wafunguke chini ya kifungu hicho, na naona Bunge lingekifuta lingefanya kazi ya wodi nyingi.

Ndugu wa mgonjwa ni nusu ya kazi, na mara nyingine ni zaidi ya nusu. Wamekuja wamechoka, wameuza mbuzi na shamba, wameshapita kwa mganga, kwenye maombi, kwa shehe. Muuguzi kijana aliyetoka chuoni anaweza kuwacheka, na siku hiyohiyo amewapoteza. Mwenye ujuzi anawauliza bila kubeza: huko mlikopita mlipewa nini? Jibu lina maana ya kitabibu, kwani mgonjwa huenda amenyweshwa dawa za miti shamba, amefungishwa siku nyingi bila kula, au ana vidonda vya kuchanjwa vilivyooza. Kisha wanapatana. Maombi yaendelee, dua isomwe, lakini minyororo hapana, na vidonge visikatizwe. Wakati mwingine muuguzi hulazimika kumwambia baba mzazi, kwa adabu zote, kwamba mwanawe akiwa na nafuu asiitwe tena "yule mgonjwa wetu" mbele ya wageni. Hili haliandikwi kwenye karatasi ya dawa, na mimi ningependa liandikwe.

Ushahidi kwamba ufundi huu unafundishika upo hapahapa Afrika. Mwaka 2006, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, wakikaa na watu wenye sonona kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo sasa yamefika hadi Zanzibar. Wanaoisimulia habari hii hupenda kuishia kwenye hekima ya mabibi. Mabibi walifunzwa hatua kwa hatua, walikuwa na utaratibu wa kufuata, na walisimamiwa na watu wa taaluma. Hekima walikuwa nayo kabla ya 2006.

Ushahidi wa wodini upo pia. Uingereza, Len Bowers na wenzake walijaribu mpango uitwao Safewards katika wodi 31 za hospitali 15, wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Hawakuongeza dawa wala walinzi. Waliwafundisha wahudumu maneno laini ya kukataa ombi, namna ya kumtuliza mtu kwa mazungumzo, na kuwafahamu wagonjwa kwa mambo ya kawaida kama timu ya mpira wanayoshabikia. Vurugu zilipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya nguvu, kama kumshika mtu au kumfungia chumbani, yakapungua kwa asilimia 26. Jambo moja katika mpango huo lingeweza kuanza kesho popote pale: wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi anayetoka aseme jambo moja zuri kuhusu kila mgonjwa, na akitaja tabia mbaya aeleze inaweza kuwa imetokana na nini. Ripoti ya "kitanda namba nne ni mkorofi" inamfanya anayeingia akikaribie kitanda hicho akiwa ameshakunja ngumi moyoni. Ripoti ya "aligombana jioni baada ya ndugu zake kutokuja, lakini amemsaidia mzee wa jirani kula" inamletea kazi ya kufanya.

Hayo yote yanamtaka muuguzi aliye mzima. Hapa sina upole na waajiri. Tunamweka mtu mmoja na wagonjwa wengi usiku, anapigwa, anatukanwa, anasikia habari za ubakaji na vifo, asubuhi anapanda daladala kurudi kwa watoto wake, na hakuna aliyemuuliza usiku ulikuwaje. Mitaani anaambiwa ameambukizwa uchizi na wagonjwa wake. Baada ya muda anaota gamba. Anajibu kwa mkato, anaacha kukaa kitandani kwa mgonjwa, anajificha kwenye ofisi ya wauguzi nyuma ya mafaili, na sisi tunamwita katili. Dawa yake inajulikana: kikao cha mara kwa mara na mwenzake mwenye uzoefu, si cha kukaguliwa wala kuandikiwa barua, bali cha kueleza mgonjwa gani anamshinda, alijisikiaje alipopigwa, na kwa nini alipandisha sauti. Kinahitaji chumba, saa moja, na mkuu wa wodi anayeamini kwamba saa hiyo ni kazi.

Mipaka nayo inahitaji kuzungumzwa huko, kwa sababu vitabu vilivyoandikwa katika miji mikubwa havimsaidii muuguzi wa wilayani ambaye mgonjwa wake ni jirani, mwanakwaya mwenzake, au fundi wake wa cherehani. Wakikutana sokoni, kumuuliza "dawa unameza?" mbele ya muuza nyanya ni kumvua nguo hadharani. Anayejua kazi humwacha mgonjwa achague: akisalimia, wanasalimiana kama majirani, akipita, wanapitana. Akiletewa kuku wa shukrani na familia, anajua kabla ni zawadi ipi ataipokea kwa niaba ya wodi na ipi atairudisha bila kumuumiza mtoaji. Akiombwa namba ya simu, anatoa ya kliniki.

Lipo jambo la mwisho ambalo wakuu wa wauguzi wanaweza kulibadili bila kusubiri bajeti, nalo ni kuhamisha watu wodi. Palipo na ratiba ya kuwazungusha wauguzi wote kila baada ya miezi kadhaa, kutoka upasuaji kwenda watoto kwenda akili, mgonjwa aliyetumia wiki sita kuanza kumwamini mtu mmoja anaamka asubuhi anakuta sura ngeni. Kwa mwenye mguu uliovunjika hasara ni ndogo. Kwa mwenye skizofrenia aliyekuwa akimweleza muuguzi mmoja tu kile sauti zinachomwamuru, tiba imerudi mwanzo, na pengine hataeleza tena. Wauguzi wa akili waliopenda kubaki wabakishwe na wapandishwe vyeo wakiwa hapohapo. Na pale uhamisho unapokuwa hauepukiki, ufanywe kama Peplau alivyosema kwamba mwisho wa uhusiano ni sehemu ya kazi: mgonjwa aambiwe siku kadhaa kabla, anayehama na anayeingia wakae naye wote watatu, na mgonjwa ndiye aeleze, kwa maneno yake, ni nini kimekuwa kikimsaidia na ni nini asifanyiwe.